Maisha ya Tippu Tip na Kazi Aliyoipata kwa Baba Yake

Watu wengi katika mkoa wetu wa Kigoma wamekwisha kulisikia jina la Tippu Tip, na walio wengi wamelisikia pamoja na habari za minyororo ya watumwa na pembe za ndovu. Habari hizo ni za kweli, wala hatutazificha hapa. Lakini katika toleo hili tumependa kuyatazama maisha yake kwa upande ambao hautazamwi mara nyingi, yaani jinsi kijana huyu alivyoipata kazi yake, ni nani aliyemfungulia njia, na jinsi yeye mwenyewe, alipokuwa baba, alivyomwachia mwanawe kazi ile ile. Neno lenyewe liliamuliwa karibu na kwetu, pale Ujiji, mahali ambapo mtu akitoka Busunzu asubuhi kwa gari anaweza kufika kabla ya jua kuchwa.

Jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed bin Juma el Murjebi. Alizaliwa Unguja karibu na mwaka wa 1837. Ukoo wake ulitoka Omani, lakini wazee wake walikwisha kukaa pwani ya Afrika kwa vizazi kadhaa na kuoa huku, hata damu ya Kiafrika ikaonekana wazi katika uso wake. Lugha aliyoizoea ilikuwa Kiswahili. Jina la Tippu Tip alipewa na watu wa bara. Wengine husema lilitokana na mlio wa bunduki zake, na wengine husema ni kwa sababu alikuwa na tabia ya kupepesa macho upesi upesi. Yeye mwenyewe aliipenda zaidi ile habari ya bunduki, nasi hatushangai.

Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyi biashara wa bara. Alisafiri kutoka pwani mpaka Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, akakaa huko miaka mingi na kuoa katika ukoo wa watemi. Kwa hiyo alikuwa mtu mwenye nyumba mbili, moja pwani na moja bara, na mwanawe Hamed alilelewa Unguja kwa jamaa za mama yake. Akasoma Kurani, akajifunza kuandika kwa herufi za Kiarabu kama vijana wenziwe. Baba alionekana kwa nadra, maana safari moja ya kwenda bara na kurudi iliweza kuchukua mwaka, au miaka miwili, au zaidi.

Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, Hamed alianza kufuatana na ndugu yake wa mama mmoja, Muhammed bin Masud el Wardi, pamoja na wajomba zake, katika safari ndogo za karibu na pwani. Biashara yao ilikuwa ya sandarusi. Wasomaji wasioijua sandarusi wafahamu kwamba ni utomvu wa miti ya kale uliogandamana ardhini. Watu wa Mrima waliuchimba, na wafanyi biashara wa Marekani na Ulaya waliununua ili kutengenezea rangi ya kung'arishia mbao. Haikuwa biashara ya matajiri wakubwa. Lakini kwa mtoto wa miaka 12 ilikuwa shule nzuri. Alijifunza kupima, kukopa kidogo na kulipa, kuzungumza na mwenye mali asiyetaka kuuza, na kulala njaa bila kulia. Nasi twaona kwamba waliompa mzigo mdogo kwanza walikuwa na akili, kwa kuwa hasara ya mzigo mdogo huweza kuvumiliwa.

Miaka 6 ikapita hivi. Hamed alipopata miaka 18 hivi, baba yake alikuja kutoka bara, na mwana akafuatana naye. Ndipo safari zake ndefu zilipoanza. Katika muda wa safari hizo wakafika Tabora, na kutoka Tabora wakashika njia ya magharibi mpaka Ujiji.

Twapenda kusema maneno machache juu ya njia hiyo, kwa kuwa inapita katika nchi yetu. Wakati huo Buha ilikuwa chini ya Bami wengi, kama wale wa Heru, Muhambwe na Buyungu, na kila mmoja alidai hongo kwa msafara uliopita kwake. Hongo ilitolewa kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Wenye misafara waliilalamikia sana. Stanley alipopita mwaka wa 1871 akimtafuta Livingstone alitozwa mara nyingi hata akaamua kupita usiku kwa kunyemelea. Kwa hiyo misafara mingi ilipendelea njia ya kusini, ya Uvinza penye chumvi na mto Malagarasi. Sisi huku milimani hatukuziona bendera za misafara mara kwa mara kama walivyoziona watu wa Ujiji.

Basi baba na mwana walipofika Ujiji walikuta bei ya pembe imepanda sana. Pembe zilizokuwa zikinunuliwa hapo zamani kwa nguo chache sasa zilitaka mali nyingi, kwa maana wanunuzi wamezidi. Wafanyi biashara waliokuwapo wakafanya shauri la kuvuka ziwa Tanganyika kwenda nchi ya Urua, ng'ambo, ambako wanunuzi walikuwa bado wachache. Muhammed bin Juma hakutaka kuvuka. Alikuwa na mambo yake Tabora, naye akataka kurudi. Lakini mali yake alitaka ivuke. Akachagua mtu mwingine wa kuisimamia, na Hamed akaamriwa kufuatana na mtu huyo.

Hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Kijana alipopata habari kwamba mali ya baba yake itakuwa mikononi mwa mtu mwingine, naye atakwenda kama mfuasi tu, alikataa. Hakugoma kusafiri, wala hakusema kwamba biashara haimpendezi. Alimweleza baba yake kwamba ikiwa hawezi kuaminiwa na mali, ni afadhali warudi wote Tabora. Baba akamjibu kwamba alifanya vile kwa sababu Hamed alikuwa angali kijana, na mzigo ulikuwa mzito. Mwana akashikilia neno lake. Mwisho baba akageuza shauri, akamkabidhi Hamed mali yote.

Mtu asiyejua biashara ya siku zile aweza kudhani kwamba lilikuwa jambo dogo la nyumbani. Halikuwa dogo hata kidogo. Mfanyi biashara wa bara hakusafiri kwa fedha yake peke yake. Alichukua bidhaa kwa mkopo kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, merikani, kaniki, shanga, nyaya na baruti, akaahidi kulipa kwa pembe atakaporudi, pamoja na faida kubwa juu yake. Msafara ukiibiwa, au mitumbwi ikizama ziwani, au wapagazi wakikimbia, deni lilibaki pale pale. Wako watu waliokaa bara mpaka kufa kwa sababu hawakuweza kurudi pwani kuonana na wadai wao. Kwa hiyo baba huyu hakuweka mikononi mwa kijana faida ya safari moja tu. Aliweka jina lake na uwezo wake wa kukopa tena.

Tena tusimlaumu kwa kusita mara ya kwanza. Kila mzazi anayo haki ya kuogopa. Lakini yafaa tuangalie alivyofanya alipopingwa. Hakukasirika akamfukuza mwana, wala hakusema kwamba mtoto hana neno mbele ya baba. Alisikiliza sababu, akaona ina uzito. Nadhani pia alikumbuka kwamba kijana huyu hakutoka mikono mitupu; alikuwa amekwisha kufanya biashara ya sandarusi miaka kadhaa, na hesabu zake zilijulikana. Kijana asiyewahi kufanya lolote akidai mali ya baba yake, hilo ni jambo jingine kabisa.

Hamed akavuka ziwa. Huko Urua akakuta kwamba wafanyi biashara wote wanashindania pembe kubwa, kwa kuwa pembe kubwa ndiyo yenye sifa. Bei yake ilikuwa juu. Pembe ndogo hazikutakwa na wengi, na bei yake ilikuwa chini sana. Yeye, ambaye hakuwa na mali nyingi kama wenzake, akanunua zile ndogo. Waliporudi kuuza, pembe ndogo zikapata bei nzuri, na faida yake ikawa kubwa kuliko alivyotarajiwa. Hivyo kijana aliyedhaniwa hajapata akili alirudi kwa baba yake na mali iliyozidi. Hatukuona popote kwamba Muhammed bin Juma alipata tena kumwekea mwanawe msimamizi.

Baada ya safari hiyo Hamed akarudi pwani, akaanza kukopa kwa jina lake mwenyewe. Tajiri wake mkubwa baadaye alikuwa Taria Topan, Mhindi aliyejulikana sana Unguja, na uhusiano wao uliendelea kwa miaka mingi. Hilo nalo ni jambo la kuangaliwa. Wengi hudhani ya kuwa alifaulu kwa bunduki tu. Bunduki alikuwa nazo, lakini na wengine walikuwa nazo, nao wakafilisika. Tippu Tip alilipa madeni yake, na kwa hiyo alipata mkopo mkubwa zaidi kila mara.

Sasa tuseme juu ya kazi yenyewe ilivyokuwa, kwa kuwa si haki kumsifu mtu kwa akili ya biashara na kunyamaza juu ya bidhaa zake. Pembe za ndovu zilitakiwa zichukuliwe begani kwa mamia ya maili. Wapagazi wa kulipwa, hasa Wanyamwezi, walikuwapo, lakini kadiri misafara ilivyozidi kwenda mbali, ndivyo watu walivyozidi kutekwa. Vijiji vilichomwa moto, vyakula vikatwaliwa, wanawake wakafungwa ili waume zao walete pembe kuwa ukombozi. Mwaka wa 1867 Tippu Tip alipigana na Nsama wa Itabwa, mtemi mwenye nguvu upande wa kusini wa ziwa Tanganyika, akamshinda, akapata pembe nyingi mno kutoka ghala zake. Mwaka ule ule alikutana na Livingstone, akamsaidia kwa chakula na kwa kumpa njia. Hivyo ndivyo alivyokuwa: kwa mgeni alikuwa muungwana, mwenye nguo nyeupe safi na maneno laini, kwa kijiji kilichokuwa na pembe na hakina bunduki, alikuwa maafa.

Alizidi kwenda magharibi. Katika nchi ya Utetera, ng'ambo ya mto Lomami, alitumia hila ya ajabu. Alipata kusikia kwamba mtemi wa huko, Kasongo Rushie, alikuwa na ndugu wa kike waliotekwa zamani na kupelekwa mbali. Tippu Tip akadai kwamba bibi yake alikuwa mmoja wao, na kwa hiyo yeye ni mtoto wa ukoo. Mzee yule akamkubali, akamwachia utemi pamoja na pembe zote zilizokuwa haki ya mtemi. Watu wakicheka habari hii wakumbuke kwamba mzee yule alikuwa akimtafuta jamaa yake aliyepotea kwa sababu ya biashara kama hiyo hiyo ya Tippu Tip.

Karibu na mwaka wa 1875 alifanya makao yake Kasongo, katika nchi ya Manyema. Mwaka wa 1874 alikuwa amekutana na Cameron, Mwingereza aliyevuka Afrika, na mwaka wa 1876 alikutana na Stanley, wakapatana amsindikize kwa malipo kuufuata mto Kongo kuelekea kaskazini. Walifuatana kupita misitu mizito mpaka mwishoni mwa mwaka ule, kisha Tippu Tip akarudi, na Stanley akaendelea mpaka bahari ya magharibi. Bila ya msaada ule Stanley hangalifika mbali. Lakini safari ile ndiyo iliyowaonyesha Wazungu kwamba mto Kongo ni njia ya kuingilia katikati ya Afrika. Kwa hiyo Tippu Tip alilipwa kwa kuwasindikiza watu ambao baada ya miaka 17 wangeiteka Kasongo.

Katika muda huo alikuwa na mtoto wa kiume, jina lake Sefu. Na hapa habari yetu inarudi pale pale ilipoanzia, ila sasa Hamed ndiye baba.

Sefu bin Hamed hakuanza kwa sandarusi. Alizaliwa mwana wa mtu mkubwa. Alipokuwa kijana, baba yake alikwisha kuwa na maelfu ya watu wenye bunduki, mashamba, na nchi iliyomtii kutoka Tanganyika mpaka maporomoko ya Stanley. Sefu hakuwa na haja ya kuvutana na baba yake juu ya nani atasimamia mali, kwa kuwa nafasi yake ilikwisha kutayarishwa. Alipewa Kasongo aitawale. Ukiitazama kwa haraka, kijana huyu alikuwa na bahati kuliko baba yake. Lakini kazi aliyopewa ilikuwa imekwisha kuanza kufa, na baba yake alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulijua hilo.

Alijuaje? Mwaka wa 1882 Tippu Tip alirudi Unguja baada ya miaka mingi ya kuwa bara. Sultani Barghash akamwagiza arudi kushika nchi za Kongo kwa niaba yake, naye akaenda mwaka wa 1883. Lakini mwaka wa 1884 na 1885 mataifa ya Ulaya yalikutana Berlin, na bonde la Kongo likawekwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Tippu Tip aliporudi tena Unguja mwisho wa mwaka wa 1886, Sultani alimwambia kwamba hana nguvu tena juu ya bara, na kwamba hata Unguja yenyewe Wazungu wanaitaka. Kwa Tippu Tip habari hizo zilikuwa kama kuambiwa kwamba tajiri aliyemdhamini amefilisika.

Naye akafanya kama alivyofanya Urua katika ujana wake: wenzake wakitazama pembe kubwa, yeye akashika ndogo. Mwezi wa Februari 1887 alipatana na Stanley mjini Unguja, akakubali kuwa Wali wa Leopold huko maporomoko ya Stanley, kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwezi. Akapanda meli pamoja na Stanley, wakazunguka Rasi ya kusini ya Afrika mpaka mlango wa mto Kongo, kisha wakapanda mto. Wengi walimcheka, kwamba mtu mwenye mali kama yake amekubali kuwa mtumishi wa kulipwa. Lakini yeye alijua ya kuwa kupigana na Wazungu hakuna faida, na kwamba mshahara mdogo wa serikali utamweka salama kwa muda.

Aliutumia ujuzi huo kwa ajili yake mwenyewe. Mwaka wa 1890 aliondoka Kongo, kwa kuwa Stanley alikuwa amemshitaki Unguja kwamba hakutoa wapagazi kama walivyopatana katika safari ya kumwokoa Emin Pasha. Akafika Unguja mwaka wa 1891, na mashitaka yale hayakumpata na neno kubwa. Hakurudi bara tena. Huko nyuma alimwacha Rashid, mwana wa ndugu yake, maporomokoni, na Sefu akabaki Kasongo.

Kwa maoni yetu hapa ndipo alipopungukiwa na lile ambalo baba yake alikuwa nalo. Muhammed bin Juma alikuwa hana ujuzi wa mambo ya dunia kama mwanawe, lakini siku ile Ujiji alisimama na kijana wake wakaulizana juu ya safari, mali, na nani wa kuichukua. Tippu Tip alimpa Sefu nchi nzima, askari, na ghala za pembe. Njia ya kutokea hakumpa. Yeye alijifunza kazi mpya akiwa na miaka karibu 50, na mwanawe akaachwa katika kazi ya zamani.

Sisi Waha twaweza kulifahamu jambo hili bila ya kwenda Manyema. Babu zetu wengi, wakati wa utawala wa Waingereza, walitoka Kibondo na Kasulu kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba. Baba aliyekwenda alimwonyesha mwanawe njia ile ile, na mwana akaenda, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine iliyojulikana nyumbani. Halafu bei ya mkonge ikaanguka katika miaka ya 1960, mashamba yakafifia, na vijana waliokuwa wakingoja zamu yao ya kupanda gari la moshi wakakuta hapana kazi. Hakuna aliyewadanganya. Wazee waliwaonyesha walichokijua.

Turudi Kasongo. Mwaka wa 1891 serikali ya Leopold ilitoa amri ya kujitwalia pembe, yaani pembe zihesabiwe kuwa mali ya serikali. Kwa mtu kama Sefu amri hiyo ilikuwa sawa na kumnyang'anya kazi yote aliyofundishwa tangu utoto. Mwaka wa 1892 vita vikaanza. Gongo Lutete, mtemi mwenye askari wengi ambaye zamani alikuwa mtu wa Tippu Tip, aligeuka akajiunga na Wabelgiji. Sefu akadai arudishiwe mtu wake. Alipokataliwa akapeleka majeshi mpaka mto Lomami, na mwezi wa Novemba akashindwa vibaya. Wabelgiji wawili waliokuwa Kasongo wakauawa mwezi wa Desemba. Baada ya hapo hapakuwa na suluhu. Nyangwe ikatekwa mwezi wa Machi 1893, na Kasongo mwezi wa Aprili. Askari walioingia Kasongo walistaajabia nyumba nzuri, bustani na miti ya machungwa.

Sefu akakimbilia msituni na kuendelea kupigana. Akafa kwa vita katika mwaka ule ule wa 1893. Gongo Lutete naye hakupata faida ya kugeuka kwake, kwa kuwa Wabelgiji wenyewe walimwua mwezi wa Septemba kwa kumshuku. Rumaliza wa Ujiji, aliyekuja kuwasaidia wenzake kwa kuvuka ziwa, alishindwa mwanzo wa mwaka wa 1894 akakimbia. Hivyo ndivyo biashara ile iliyoanza kwa mitumbwi ya Ujiji ilivyomalizika. Watu wa Manyema hawakupata nafuu, kwa maana utawala wa Leopold ulileta mateso yake ya mpira, lakini hiyo ni habari nyingine inayotaka makala yake.

Tippu Tip wakati huo alikuwa Unguja. Vita havikumgusa mwili, ila vilimwondolea karibu mali yake yote ya bara, na vilimwondolea mwanawe. Akakaa katika nyumba yake ya Shangani na kuangalia mashamba yake ya mikarafuu. Alikuwa bado tajiri kwa hesabu ya Unguja. Mwaka wa 1897 utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba, mashamba kama yake yalianza kuona shida ya watu wa kuyalima, na mzee huyu akaishi kuona mwisho wa kazi yake ya pwani kama alivyouona mwisho wa ile ya bara.

Katika siku zake za uzee Mjerumani mmoja, Heinrich Brode, alimshawishi aandike habari za maisha yake. Akaziandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu alizojifunza utotoni, na Brode akazigeuza kwa herufi za Kirumi. Zilichapishwa Berlin mwaka wa 1902 na 1903, na baadaye zikachapishwa tena huku Afrika ya Mashariki pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Kwa hiyo Tippu Tip, ambaye hakukusudia kuwa mwandishi, ni mmoja wa watu wa kwanza kutuachia maisha yao yaliyoandikwa kwa Kiswahili na wao wenyewe. Mwanafunzi atakayekipata kitabu hicho atakiona ni cha mtu wa biashara kweli kweli: bei, mizigo, majina ya wadeni, siku za safari. Habari za vijiji vilivyochomwa zinapita upesi, kama mtu anavyopita mahali asipopenda kusimama.

Hamed bin Muhammed alikufa mjini Unguja mwezi wa Juni 1905, kwa homa ya malaria, akiwa na umri wa karibu miaka 70. Nyumba yake ingali ipo Mji Mkongwe, na wageni huonyeshwa. Katika kitabu chake ile siku ya Ujiji aliyobishana na baba yake imo karibu na mwanzo, na zile pembe ndogo za Urua zimo.